Poti ya Rangi ya Katikati

Tarehe 3 Mei

Shikamoo wifi yangu,

Uniwie radhi kwa mwandiko. Mkono umezoea kisu sasa, kalamu inaniteleza, na wewe unajua shule yangu iliishia darasa la nne. Dereva wa lori la kiwanda anasema kila wiki ya pili anashusha ndoo na beseni kwenye duka lililo mkabala na cherehani yako, kwa hiyo barua nitampa yeye na wewe ukijibu umpe yeye. Ni mtu mwaminifu, ila anapenda maswali.

Simu nimeiacha kama tulivyokubaliana. Uliponiambia kwamba mtoto akisikia sauti yangu anazunguka nyumba akinitafuta nyuma ya milango, na anafungua kabati la nguo kuangalia kama nimo, nilikaa kitandani nikashindwa hata kuvua viatu. Bora tuandikiane. Karatasi haina sauti.

Sasa nisikilize vizuri. Hapa kiwandani kuna chumba cha watoto wa wafanyakazi. Nimechungulia, kina madirisha makubwa na vigodoro kumi na viwili. Mama akipata nafasi humo anapewa na chumba cha kulala, yeye na mwanawe, upande wa nyuma kwenye miti. Wifi, imebaki nafasi moja! Nimeandikisha Kidoti wetu. Lakini Bi Mlezi anayesimamia ni mtu wa sheria. Mtoto aingie ameshaacha nepi. Atakaa naye wiki moja ya majaribio, na akilowesha ovyo anarudishwa alikotoka. Na nafasi inanisubiri mpaka tarehe mosi mwezi wa nane tu. Ikipita hapo anapewa mwenzangu wa mashine ya ndoo.

Miezi mitatu, wifi. Kidoti ana miaka miwili na nusu, kichwa chake unakijua. Tutaweza?

Nimemletea poti. Si ya dukani. Kazi yangu hapa ni kukaa mbele ya mashine inayozitoa. Plastiki inayeyuka juu, inashuka kwenye kalibu, kalibu inajifunga, inajifungua, na poti inaniangukia mapajani ingali ya moto kama mkate. Pembeni inatoka na vijinyama vilivyozidi, sisi tunaviita ndevu, na mimi ndiye kinyozi. Siku nzima nanyoa. Halafu siku wanayobadilisha rangi, bluu ikiwa haijaisha na njano haijaingia sawasawa, zinatoka poti kama thelathini ambazo si bluu wala si njano. Zimechanganyika kama mawingu na hakuna mbili zinazofanana. Haziuzwi. Zinasagwa upya. Tunaziita rangi ya katikati. Nilimwomba msimamizi moja, akasema, "Chukua kabla sijaiona."

Na nimeifanyia kitu. Sikuambii nini. Akiikalia itacheka, basi. Nataka aione ni mchezo, asiiogope.

Mbusu kwenye kile kidoti cha shavuni.

Wifi yako,
Mama Kidoti


Tarehe 17 Mei

Marahaba Mama Kidoti,

Vimefika vyote viwili. Dereva aliniuliza maswali sita, nikamjibu mawili.

Poti nimeiona. Nilipofungua gazeti nilidhani umenifungia kipande cha alfajiri. Kidoti aliishika kwa mikono miwili, akaitikisa, ndani kukasikika krr, krr. Akaitikisa tena. Akaitia sikio. Tangu saa ile hawaachani. Akinywa chai iko karibu, mimi nikishona iko chini ya cherehani miguuni pangu, na yeye yuko nayo, wanaongea. Mchana analala ameikumbatia. Anaipenda mno.

Usiwe na wasiwasi. Na ule chakula. Nakujua, ukishikwa na mawazo unaishi kwa chai kavu.

Wifi yako,
Fundi


Tarehe 31 Mei

Shikamoo wifi,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Analala nayo! Nimemwambia msimamizi, nimemwambia mwenzangu wa ndoo ingawa nilijua haitampendeza, na nimemwambia Bi Mlezi mwenyewe. Akatikisa kichwa hivi, kwake yeye hicho ni kicheko.

Nilimwuliza mbinu zake nikaziandika kwenye kiganja nisisahau. Anasema mkalishe akiamka tu na baada ya kula. Asikae kama mfungwa, akitaka kuinuka ainuke. Usimfokee akikosea, na akipatia mpigie makofi mpaka jirani aje kuuliza. Kunja mashua ndogo ya karatasi uitie ndani, aone kama anaweza kuifanya ielee kwa mkojo. Mwanasesere wake naye akae kwenye kopo, wasubiriane. Nguo zisiwe na vifungo wala zipu, maana mtoto akibanwa hana muda wa kufungua. Wewe ndiye fundi, mshonee suruali za mpira kiunoni.

Jana saa ya mapumziko niliegemea magunia ya punje za plastiki, usingizi ukanichukua. Nikaota mto mpana usio na kelele. Poti zilikuwa zinaelea zikishuka nao, zote nilizonyoa tangu nije, na ndani ya kila moja mtoto amekaa ananyoosha shingo kama mtu aliye dirishani. Wetu alikuwa kwenye ile ya mawingu. Nilitaka kumwita nikakumbuka mashine inanguruma, hatanisikia. Lakini akageuka mwenyewe, akatikisa poti, na mimi nilisikia krr, krr, kutoka ng'ambo yote ile. Nikaamka nacheka. Mwenzangu akasema, "Unaota mchana kweupe kama kuku."

Ameshakojoa humo mara ngapi? Niandikie idadi, nataka kuibandika ukutani.

Wifi yako,
Mama Kidoti


Tarehe 14 Juni

Marahaba Mama Kidoti,

Mashua nimekunja saba, zimeelea vizuri kwenye beseni. Suruali nimeshona tano, mpira laini, hautamwachia alama. Mwanasesere amekalishwa kwenye kopo la vifungo na hajalalamika.

Idadi sijaiweka. Mimi hapa nahesabu mishono ya watu.

Paji lake la uso siku hizi limekuwa la kaka yangu kabisa. Akisinzia mchana juu ya vitambaa, jua likiingia kupitia pazia lile la kijani, chumba chote kinakuwa kama kiko ndani ya maji, na mimi nikimtazama mguu unaacha kukanyaga cherehani bila kujijua. Kaka alikuwa analala hivyo hivyo, kiganja kimefunguka, kama anayesubiri apewe kitu. Miaka miwili sasa tangu atutoke, lakini wewe nakuambia nini.

Usimharakishe. Mtoto si nguo ya kesho.

Wifi yako,
Fundi


Tarehe 28 Juni

Wifi,

Dereva amerudi. Alipopaki lori aliniita akicheka, akasema, "Binti yako ana vituko! Kabeba poti mgongoni, kaifunga kwa kitambaa kama aliyejifungua juzi." Nikacheka na mimi. Halafu akasema, "Na kamba yenu ya nguo ina nepi utadhani bendera za sherehe." Hapo sikucheka.

Nepi za nani, wifi? Nani hapo nyumbani anavaa nepi kama si yeye? Nimetoa barua zako zote mbili nimezisoma tena, polepole, kwa kidole. Umeandika anaipenda. Umeandika analala nayo, anaongea nayo, mashua zimeelea kwenye beseni. Kwenye beseni! Nilisoma hilo neno mara ya kwanza nikalipita. Hakuna mahali ulipoandika amekojoa.

Mimi huku nimeshamwambia Bi Mlezi mambo mazuri. Nimeomba ufunguo nikafagia chumba ambacho bado si changu. Nimesogeza kitanda upande wa dirisha ili aone miti. Leo mchana nilikuwa nawaza haya na kisu kikapita kwenye kidole, si sana, damu imeingia kwenye poti moja ya njano na wameitupa.

Kama anaumwa niambie. Kama ni kosa langu niambie. Zimebaki wiki tano kasoro. Nakuuliza kitu kimoja tu, na unijibu hicho hicho. Ameshakojoa humo, hata mara moja?

Mama Kidoti


Tarehe 12 Julai

Mama Kidoti,

Barua yako haina shikamoo. Niligeuza karatasi nikidhani umeliandika nyuma. Halipo. Ni haki yangu.

Hajakojoa humo hata mara moja.

Siku ile ya kwanza alipoitia sikio alisema, "Mama yumo." Nilipotaka kumkalisha alibana miguu, akapiga kelele, "Hapana! Mama atalowa!" Akakimbilia nyuma ya mlango akajikojolea huko, kisha akarudi kuipangusa poti kwa gauni lake, nayo haikuwa na hata tone. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Anaifunika isipigwe na baridi. Anainywesha chai kwa kijiko. Asubuhi kabla hajaniangalia mimi anaitikisa, ikilia anasema, "Ameamka," ndipo anatoka kitandani.

Na ile sauti, wifi, niliijua. Usidhani sikuijua. Ni shanga za bangili yako. Umemnyonyeshea hapa hapa kwenye kiti changu mwaka mzima, mkono wake kwenye bangili, krr, krr, na mimi nashona. Nilijua siku ya kwanza kwa nini anasema umo. Ningebandua kitako cha poti dakika ile, nikampa shanga zake, na poti ikabaki poti. Mkasi uko mkononi mwangu kuanzia asubuhi. Si kwamba niliukosa.

Badala yake nilikata nepi. Kulikuwa na kitambaa kilichobaki kwenye mashuka ya mteja, nikakata nepi kumi na sita, nikapinda kingo kwa mkono, taratibu, kama mtu anayeshona gauni la bibi harusi. Kila moja nilisema moyoni, hii ni siku nyingine. Kwa sababu akiacha nepi anaondoka. Wewe una Bi Mlezi, una chumba, una miti. Mimi akiondoka yeye, miguuni pangu vitabaki vitambaa.

Na simu. Ni kweli alikutafuta nyuma ya milango. Lakini alikutafuta siku moja tu. Siku ya pili aliniletea simu mkononi akataka nipige tena. Hilo sikukuambia.

Nimemaliza. Kasirika. Ila shanga ni zako na ni wewe uliyezifunga humo, sitapasua mpaka useme. Dereva nimemwomba apite tena katikati ya wiki. Alikubali bila kuuliza swali hata moja, ndipo nikajua uso wangu ulivyo.

Fundi


Tarehe 15 Julai

Shikamoo wifi,

Hilo neno nimeliandika mwisho. Niliacha nafasi juu ya karatasi nikiwa sijui kama nitaijaza.

Nimekasirika. Nimekasirika mpaka nimekuonea huruma, halafu nikakasirika kwa kukuonea huruma. Mwenzangu wa ndoo ameniuliza nina nini nikamwambia moshi wa plastiki. Kuhusu simu sitaandika kitu, maana nikianza sitamaliza na dereva anawasha gari.

Lakini na mimi nina langu. Siku yangu ya kwanza msimamizi aliniambia vua bangili, mashine itakula mkono. Nikaivua, nikaiweka mfukoni, na mfukoni hailii kama mkononi. Siku ya rangi ya katikati, kabla ya kitako cha pili kugandishwa chini yake, nilikata uzi nikatia shanga tatu. Nilikuandikia nataka aione ni mchezo. Si kweli yote. Nilitaka anisikie. Nilitaka asinisahau hata akiwa amekaa anakojoa. Mama gani anajitia mwenyewe kwenye poti ya mwanawe? Sasa ananihurumia, hataki kunilowesha, na kwa kunihurumia huko ndivyo anavyonikosa.

Kwa hiyo sote wawili tumemzibia mtoto njia. Wewe kwa nepi, mimi kwa shanga.

Pasua. Zitoe mbele yake aone kwa macho yake. Mvalishe mkononi, uzi wa mara mbili, fundo lako lile lisilofunguka. Mwambie Mama hayumo kwenye poti. Inaniuma kuandika hivi, utadhani najifukuza nyumbani, lakini mwambie. Mama hayumo humo na hajawahi kuwamo. Mama yuko kazini, ana miguu miwili, na anakuja.

Jumamosi saa nne asubuhi nitapiga simu. Mpe.

Wifi yako,
Mama Kidoti


Tarehe 26 Julai

Marahaba, marahaba wifi,

Simu umeisikia mwenyewe, siirudii. Baada ya ninyi kuongea alitafuta nyuma ya mlango mmoja, akaona hakuna mtu, akarudi kucheza. Mlango mmoja tu.

Nikuandikie yale ambayo hukuyasikia. Nilimkalisha juu ya meza ya kukatia, poti katikati yetu kama mgonjwa. Nikapasha kisu, nikakizungusha kwenye kitako. Alishika mkono wangu wa kushoto muda wote na hakupumua, na mimi sikupumua. Kikabanduka. Zikaanguka tatu, nyekundu mbili na nyeupe moja, zikabingirika zikasimama kwenye chaki. Akachungulia ndani ya ule uwazi kwa muda mrefu sana, jicho moja, halafu la pili.

"Mama katoka?"

"Katoka."

"Kaenda wapi?"

"Kazini. Alikuwa huko siku zote. Hizi ni za mkono wake, amekuachia uvae."

Nikamfunga mkononi. Akatikisa. Krr, ndogo, kwa sababu hakuna ukuta wa kuzirudishia sauti. Akaridhika. Nikarudisha kitako, nikakigandisha, nikaipeleka poti pale kwenye pazia la kijani na kukaa zangu kushona, kama mtu asiyemjua.

Akaizunguka. Akaigonga. Akamkalisha mwanasesere kwanza, akamwondoa. Halafu akavuta mpira wa suruali, akakaa, na ule mkono wenye shanga akauficha nyuma ya mgongo, eti, "Mama asione." Ikaanza kulia chini yake kama mvua inayojaribu bati. Akaruka juu, akachungulia, akaniuliza kwa ukali, "Nani kafanya?"

"Wewe."

"Mimi?"

Wifi, tulipiga makofi mpaka mteja aliyekuwa anajaribu koti nyuma ya pazia akatoka na mkono mmoja bila koti, naye akapiga.

Tangu hapo nahesabu. Kila akipatia anachora mwenyewe mstari kwenye mlango kwa chaki yangu ya kushonea. Leo mchana imefika hamsini na minne. Mistari mingine ni ya udanganyifu, amekuwa akikaa matone mawili akainuka akachora. Ajali zilikuwa nyingi wiki ya kwanza, siku tatu hizi ni moja, na hiyo ilikuwa mapajani pangu, nilimchelewesha mwenyewe kwa kumsuka. Nepi zile kumi na sita nimezifua nikazishona pamoja, zimekuwa shuka la kitanda chenu cha dirishani.

Njoo umchukue mwenyewe tarehe thelathini. Mimi siji huko kuwasindikiza, nina nguo za watu. Hiyo ndiyo sababu ya kuandikwa kwenye barua.

Wifi yako,
Fundi


Tarehe 9 Agosti

Shikamoo wifi yangu,

Siku ile nilipokuja hatukusema mengi. Ulishona tangu nilipoingia mpaka tulipopanda lori, na nilipogeuka dirishani nikaona mguu wako unakanyaga cherehani lakini hakukuwa na nguo kwenye sindano. Nimeona, ndiyo maana naandika.

Nikupe habari ya majaribio. Jumatatu asubuhi nilimwacha kwa Bi Mlezi nikaenda kwenye mashine. Saa nne wakaniita. Nilikuta amesimama katikati ya chumba, amebana miguu, anatazama safu ya poti za bluu kama anatazama watu asiowajua. Tangu asubuhi alikuwa hajakalia hata moja. Bi Mlezi alikuwa ameshika saa yake mkononi. Mlangoni mwenzangu wa ndoo amesimama.

Nikakimbia chumbani nikaleta ile ya katikati. Kidoti akaipokea kwa mikono miwili, kama siku ile ya kwanza uliyoniandikia, akaitikisa, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Wifi, ililia. Si krr. Ilikuwa tok. Kitu kimoja, kizito, kinagonga huku na kule. Nilisema moyoni, huyu fundi ametumaliza, ametia kitu tena, na mtoto atakataa mbele ya Bi Mlezi. Akaitia sikio. Uso ukafunguka wote, kama aliyesikia kopo lako la vifungo.

"Shangazi yumo!"

Bi Mlezi akauliza, "Nani yumo?" Nikafumba macho.

Nilipofumbua, Kidoti alikuwa ameiweka chini, ameinyoosha iwe sawa na mstari wa sakafu. Akainama akasema kwa adabu zote ulizomfundisha, "Shikamoo Shangazi." Akaitikisa kidogo. Tok. Akavuta mpira wa suruali, akakaa, akatoa yote ya tangu asubuhi.

Nilimwinamia sikioni, "Shangazi hatalowa?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Shangazi kazoea."

Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni, na nikalia humo humo, sikujua kipi kilianza.

Jumanne mtoto wa pili akaiamkia poti yake ya bluu. Jumatano wakawa watano. Bi Mlezi akasema poti haziamkiwi, huo si utaratibu. Alhamisi akahesabu sakafu zilizolowa na hakukuwa na hata moja, akawaacha waamkie. Tatizo likawa moja, zile za bluu haziitiki, na kuna mmoja alilia kwamba yake imenuna. Basi Ijumaa, wifi, nilipita dirishani na kwa macho yangu nikawaona kumi na mmoja na wetu wa kumi na mbili, kila mmoja ameinamia poti, "Shikamoo, shikamoo," na Bi Mlezi, yule wa sheria, ameketi mezani anaandika, bila kuinua kichwa anawaitikia kwa niaba ya zote, "Marahaba. Marahaba. Marahaba." Jua lilikuwa limejaa chumbani. Nilisimama hapo mpaka nikasahau nilikuwa naenda wapi.

Ametia sahihi. Nafasi ni yetu. Mwenzangu wa ndoo ameandikishwa wa kwanza kwa nafasi itakayofuata, na mwanawe ameshaanza kuamkia.

Sikuulizi ulichotia humo. Kinagonga kama kifungo cha koti la mwanamume, kile kikubwa, na mimi koti hilo la kaka yako nalijua.

Kila Jumamosi saa nne tutakupigia. Ukikata simu ukajikuta unachungulia chini ya cherehani, usiogope, ndivyo ilivyo siku ya kwanza. Siku ya pili utataka tupige tena.

Kidoti anauliza kama kweli unamsikia. Nimemwambia nitakuuliza.

Wifi yako,
Mama Kidoti


Tarehe 23 Agosti

Nasikia. Mwambie marahaba ya kuamka, na marahaba ya baada ya chai, na ile ya usingizi wa mchana.

Shangazi